Dien Bien Phu: Mchele Ulivyozishinda Ndege

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Tumesoma kwamba Wafaransa walishindwa Vietnam mwaka 1954 baada ya kuzingirwa Dien Bien Phu. Wao walikuwa na ndege, vifaru na makamanda waliosomea vita. Wenzao walikuwa na baiskeli. Iweje jeshi kama hilo lijitie lenyewe bondeni? Na kama waliozingirwa walikuwa elfu kumi na tano hivi, kwa nini vita vyote vikaisha, wakati Ufaransa ilikuwa bado na askari tele Hanoi na Saigon?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mawili, na hilo la pili ndilo watu wengi hulipita bila kulitazama. Tuanze na bonde lenyewe.

Dien Bien Phu ni bonde la mpunga kaskazini-magharibi mwa Vietnam, jirani na mpaka wa Laos, kiasi cha kilomita 300 kwa ndege kutoka Hanoi. Lina urefu wa kilomita kama 18, na upana kati ya sita na nane. Katikati unapita mto Nam Yum. Pande zote ni vilima, na nyuma ya vilima milima yenye msitu mzito. Kulikuwa na kiwanja cha ndege kilichobaki tangu wakati wa Wajapani. Kiwanja hicho kishike vizuri kichwani, maana mambo yote yaliyofuata yalikizunguka.

Vita vilikuwa vimeanza Desemba 1946. Ho Chi Minh, kiongozi wa wapigania uhuru, alikuwa ametangaza uhuru Hanoi tarehe 2 Septemba 1945, Ufaransa ikakataa kuondoka, na miaka saba baadaye hakuna aliyeshinda. Mei 1953 akaletwa kamanda mpya, Jenerali Henri Navarre. Hofu yake kubwa ilikuwa Laos: vikosi vya Viet Minh, yaani wapiganaji wa Ho Chi Minh, vilikuwa vikiingia huko vitakavyo. Alitaka kizuizi njiani. Tarehe 20 Novemba 1953 askari wa miavuli wakashushwa Dien Bien Phu, na katika wiki zilizofuata ndege zikaleta askari zaidi, mizinga, seng'enge, hata vifaru kumi vilivyofunguliwa vipande vipande na kuungwa tena palepale bondeni.

Tusiwaite wajinga. Mwaka mmoja kabla, mwishoni mwa 1952, walikuwa wamefanya vivyo hivyo mahali paitwapo Na San: ngome iliyozungukwa na adui, ikilishwa kwa ndege. Viet Minh waliivamia uso kwa uso wakaanguka kwa mamia. Kwa hiyo Navarre alikuwa na mfano mkononi. Hesabu yake ilisimama juu ya nguzo tatu. Kwanza, adui hawezi kupitisha mizinga mikubwa milimani pasipo barabara. Pili, akiipitisha, hatakuwa na makombora ya kutosha wala chakula cha kulisha jeshi kubwa kwa miezi. Tatu, akithubutu kufyatua, mizinga ya Wafaransa itamwona na kumnyamazisha. Kanali Charles Piroth, mkuu wa mizinga pale, mtu aliyepoteza mkono mmoja vitani, aliwahakikishia wakubwa wake kwamba hakuna mzinga wa Viet Minh utakaopiga mara tatu bila kuharibiwa.

Nguzo zote tatu zilikuwa na sababu za kuaminika, na zote tatu zilivunjika.

Upande wa pili alikuwapo Vo Nguyen Giap, kamanda wa Viet Minh, mtu aliyekuwa akifundisha historia shuleni kabla ya vita. (Sisi wenye kazi hii tunampenda kwa sababu hiyo, nakiri.) Wanaomsifu husifu ushindi wa Mei. Mimi nikifundisha vita hivi husimama kwenye asubuhi moja ya Januari, siku ambayo hakupiga risasi hata moja.

Mpango wa awali, uliokubaliwa pamoja na washauri wa China, ulikuwa kuvamia upesi na kumaliza upesi, kabla Wafaransa hawajajichimbia. Siku ilipangwa iwe 25 Januari 1954, ikasogezwa kwa siku moja. Mizinga ilikuwa imekwisha vutwa kwa kamba hadi mahali pake, askari wako tayari, ari imepanda. Giap hakulala usiku ule. Alisimulia baadaye kwamba kichwa kilimuuma mpaka akafungwa majani ya dawa kwenye paji la uso. Alijiuliza mambo matatu. Jeshi lake halijawahi kuteka ngome yenye vikosi vingi hivi vilivyojichimbia. Askari wa miguu na wa mizinga hawajawahi kufanya kazi pamoja kwa kiwango hiki. Tena itabidi wapigane mchana, kwenye uwanda mtupu, ndege zikiwa juu yao. Na Ho Chi Minh alikuwa amemwagiza kabla ya kuondoka: pigana ukiwa na hakika ya kushinda; huna hakika, usipigane.

Asubuhi akamwambia mshauri mkuu wa Kichina, Wei Guoqing, kwamba anaahirisha. Akaamuru mizinga ivutwe irudi. Hebu fikiria kuwaambia hilo watu waliotoka jasho la damu kuipandisha. Mzinga mmoja wa milimita 105 una uzito unaopita tani mbili. Ulivutwa na makumi ya watu, usiku, bila taa, kwenye njia ya matope iliyokatwa ubavuni mwa mlima, korongo upande mmoja. Wa mbele wanavuta kamba, wa nyuma wanashika magogo ya kuzuia magurudumu kila hatua. Wavietnam mpaka leo humkumbuka askari To Vinh Dien, aliyejitupa chini ya gurudumu ili mzinga uliokatika kamba usiporomoke. Alikufa wakati wa kuirudisha, kabla vita vya bondeni havijaanza.

Giap baadaye aliita uamuzi ule kuwa mgumu kuliko yote katika maisha yake ya kijeshi. Kauli mpya ikawa: piga kwa hakika, songa kwa hakika. Maana yake ilikuwa mzingiro wa miezi. Na mzingiro wa miezi unataka chakula.

Hapa sasa tuje kwenye baiskeli zako.

Piga hesabu hii daftarini. Mpagazi anabeba mchele kilo 20 kwa mzegazega, kikapu mbele na kikapu nyuma. Naye ni binadamu. Tuseme anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, mzigo wote ameumaliza yeye mwenyewe, na askari aliye mbele hajaonja punje. Ukiongeza wapagazi, unaongeza midomo. Hiyo ndiyo hesabu Navarre aliyoitegemea, na kwa mabega ya watu peke yake ilikuwa sahihi. Sasa mpe mtu yuleyule baiskeli yenye kilo 200. Siku zilezile 20, amekula kilo 20, amefikisha 180. Tofauti ni hiyo.

Baiskeli zenyewe hazikupandwa, zilisukumwa. Nyingi zilikuwa za Kifaransa, Peugeot. Upande mmoja wa usukani walifunga fimbo ndefu ya mwanzi ili msukumaji aweze kuiongoza akitembea kando. Nyuma ya kiti wakasimamisha mwanzi mwingine wa kushikilia na kusukumia. Fremu iliimarishwa kwa mbao au chuma. Tairi zilizungushiwa vitambaa vya nguo kuukuu ndani ili tyubu isipasuke kwa uzito. Magunia yakaning'inizwa pande zote mbili, chini kabisa, ili uzito usiipindue. Kilo 200 lilikuwa jambo la kawaida, na wapo waliofikisha zaidi ya 300. Aliyewahi kuona chukudu za Goma, zile za mbao za kusukuma, zikiteremka na magunia ya viazi, au wauza mkaa wanaoingia mijini kwetu na baiskeli isiyoonekana kwa mzigo, hahitaji kuelezwa zaidi.

Takwimu za Vietnam zinataja wapagazi zaidi ya 260,000 na baiskeli karibu 21,000. Lakini usiandike kwenye mtihani kwamba baiskeli peke yake ndizo zilizoshinda. Kulikuwa pia na malori ya Kisovieti, mamia yake, yaliyotembea usiku yakitokea mpaka wa China. Barabara ya kutoka Tuan Giao hadi karibu na bonde ilipanuliwa ili yapite. Ndege za Ufaransa zikipiga bomu kwenye mwinamo wa Pha Din mchana, usiku vijana, wanaume kwa wanawake, wanajaza mashimo kwa majembe na vikapu, alfajiri lori la mwisho limepita na njia imefunikwa kwa matawi. Na mizinga yenyewe ya 105 ilikuwa ya Kimarekani, iliyotekwa na Wachina na kuletwa Vietnam. Vita vya Korea vilikuwa vimesimama Julai 1953, na China ikawa na nafasi ya kusaidia. Bila China mzingiro ule usingewezekana. Bila wakulima wa Vietnam, msaada wa China ungeozea mpakani. Ukishika kimoja ukaacha kingine utakuwa umesimulia nusu.

Mizinga iliporudishwa juu haikupangwa kama ilivyozoeleka, yote pamoja nyuma ya kilima. Kila mmoja ulichimbiwa shimo lake ndani ya ubavu wa mlima unaotazama bondeni, ukatoka mdomo tu. Pembeni wakaweka mizinga ya uongo, magogo yaliyochongwa, ili ndege zipoteze mabomu. Mpigaji aliweza kuliona lengo lake kwa macho. Huko chini mizinga ya Piroth ilikuwa kwenye mashimo ya wazi bila paa, kwa kuwa ilitakiwa kugeuka na kupiga pande zote. Ho Chi Minh aliwahi kumweleza mwandishi wa habari Wilfred Burchett hali ile kwa kofia yake: akaigeuza juu chini, akaonyesha ukingoni kwamba hapo tuko sisi, na chini kabisa kwamba pale wako Wafaransa.

Tarehe 13 Machi 1954, saa kumi na moja jioni hivi, mlima ukafunguka. Ngome ndogo za Wafaransa zilikuwa na majina ya kike. Beatrice, iliyoshikwa na Jeshi la Kigeni (kikosi cha Ufaransa chenye askari wa mataifa mengine), ilianguka usiku uleule. Gabrielle, iliyoshikwa na askari wa Algeria, ilianguka tarehe 15. Anne-Marie ikafuata siku mbili baadaye, askari wake wengi wa Kitai, kabila la milima ya hukohuko, wakiwa wameondoka kurudi kwao. Kabla hata ya hiyo ya tatu kuanguka, Piroth alizunguka akiwaomba radhi wenzake, kisha akaingia handakini mwake akajiua kwa guruneti. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu kombora la kwanza.

Kuanzia hapo habari ni ya kiwanja cha ndege. Ngome zile tatu za kaskazini ndizo zilizokikinga. Ndege zikaendelea kujaribu kutua usiku kuchukua majeruhi, na mwishoni mwa Machi hata hilo likakoma. Ndege ya mwisho ya wagonjwa iliharibiwa palepale chini, ikamwacha muuguzi Geneviève de Galard bondeni na majeruhi wake. Tangu siku hiyo hakuna aliyetoka, na kila kilichoingia kilishuka kwa mwavuli.

Wakati huo Viet Minh walikuwa wameshika majembe. Usiku baada ya usiku walichimba mahandaki yaliyojongea kuelekea seng'enge za Wafaransa, mengine yakakata kiwanja chenyewe katikati. Kwa ujumla yalipita kilomita 100. Kadiri mahandaki yalivyokaribia, eneo la kuangushia mizigo lilipungua. Na kadiri mizinga ya kutungulia ndege ilivyosogezwa, marubani walilazimika kuruka juu zaidi. Uangushe mwavuli kutoka juu vile, kwenye eneo dogo vile, upepo ukivuma: sehemu kubwa ya mchele, dawa na makombora iliangukia kwa adui. Kuna nyakati Viet Minh walipiga ngome kwa makombora ya milimita 105 yaliyokuwa yametumwa na Ufaransa kwa ngome hiyohiyo.

Sitaki uone kama ni mteremko. Uvamizi wa vilima vya mashariki ulioanza tarehe 30 Machi ulikuwa wa kutisha kwa wote wawili. Kwenye Dominique mawimbi ya washambuliaji yalizuiwa na mizinga iliyoinamishwa kupiga karibu kabisa, na wapigaji wake walikuwa Waafrika wa Afrika Magharibi. Eliane 2, kilima ambacho Wavietnam hukiita A1, kilipiganiwa kwa zaidi ya mwezi. Aprili Giap alipata tatizo la ari: askari wamechoka, wenzao wamelala kwenye waya. Kisha mvua zikaja. Mahandaki yakajaa maji. Katika hospitali ya chini ya ardhi ya daktari Paul Grauwin, iliyojengwa kwa majeruhi makumi machache, walirundikana mamia kwenye matope.

Ufaransa iliomba Marekani ipige mabomu kwa ndege zake kubwa za B-29. Rais Eisenhower hakutaka kuingia bila Uingereza, na Uingereza, iliyokuwa na vita vyake Malaya na Kenya wakati huohuo, ikakataa. Usiku wa 6 Mei karibu tani moja ya baruti iliyopitishwa kwenye shimo refu chini ya A1 ililipuliwa. Kesho yake, tarehe 7 Mei, saa kumi na moja na nusu jioni, ilikuwa imekwisha. Christian de Castries, kamanda aliyepandishwa cheo kuwa jenerali akiwa mle handakini, alitekwa pamoja na wasaidizi wake. Siku 56 tangu mlima ulipofunguka.

Sasa swali lako la pili, na ni swali zuri sana. Kwa hesabu ya vichwa, uko sahihi. Waliopita Dien Bien Phu, ukijumlisha na walioshushwa kwa miavuli katikati ya mzingiro, walikuwa kama 15,000, sehemu ndogo ya majeshi ya Ufaransa Indochina, yaani Vietnam, Laos na Kambodia. Hanoi haikuanguka. Saigon haikuguswa.

Ila tazama kalenda. Februari 1954 mataifa makubwa yalikutana Berlin yakatangaza mkutano wa Geneva, na Indochina itakuwa mezani. Tangu siku hiyo pande zote zilijua kwamba atakayeingia Geneva na ushindi mkononi ndiye atakayesikilizwa. Mazungumzo ya Indochina yalifunguliwa tarehe 8 Mei, siku moja baada ya bonde kuanguka. Mjumbe wa Ufaransa, Georges Bidault, alilazimika kuanza kwa kuzungumzia ngome iliyoanguka jana yake.

Tazama pia ni nani walikuwa wakipigana. Sheria ya Ufaransa haikuruhusu vijana waliochukuliwa jeshini kwa lazima kupelekwa Indochina. Vita vilipiganwa na askari wa kazi, Jeshi la Kigeni lenye Wajerumani wengi, Wamoroko, Waalgeria, Waafrika Magharibi na Wavietnam wenyewe, huku sehemu kubwa ya gharama ikilipwa na Marekani. Vikosi vya miavuli vilivyomalizika pale vilikuwa ndivyo bora walivyonavyo. Kuziba pengo lao, serikali ingelazimika kuwapeleka watoto wa Wafaransa wa kawaida, na hakuna mwanasiasa wa Paris aliyethubutu kusimama na kuomba hivyo. Kuendelea kungewezekana kwa bunduki. Kwa siasa hakukuwezekana tena. Serikali ya Joseph Laniel ilianguka Juni. Pierre Mendès France akaingia madarakani kwa ahadi ya ajabu: atapata amani ifikapo 20 Julai, la sivyo atajiuzulu. Mikataba ilitiwa saini usiku wa kuamkia tarehe 21.

Kwa hiyo ukiulizwa, sema mzingiro ule ulivisaidia vita kwisha kwa kuondoa sababu ya kuendelea, si kwa kuwaondoa askari wote. Na usisahau kilichoandikwa Geneva. Chini ya msukumo wa China na Umoja wa Kisovieti, Viet Minh walikubali nchi igawanywe kwenye latitudo ya 17, wakiahidiwa uchaguzi mwaka 1956. Uchaguzi huo haukufanyika. Waliosukuma baiskeli wengi wao waliishi kuona vita vingine, vya Marekani, mpaka 1975. Vietnam yenyewe inataja wafu wake wa bonde lile kuwa zaidi ya 4,000. Makadirio ya Wafaransa ni karibu mara mbili ya hapo.

Waliotekwa walikuwa kama 10,000, wengi wakiwa wamejeruhiwa. Walitembezwa mamia ya kilomita kwa miguu hadi kambini, wakala mchele mtupu, wakafa njiani kwa kuhara na malaria. Waliorudishwa baada ya miezi minne walikuwa kama 3,300. Sioni sababu ya kulificha hilo kwa kuwa walioshinda walikuwa na haki ya kudai nchi yao.

Miongoni mwa waliorudi walikuwamo Waalgeria. Kambini walikuwa wameulizwa tena na tena kwa nini wanawapigania Wafaransa huku nchi yao ikitawaliwa. Tarehe 1 Novemba 1954, miezi mitatu na ushee baada ya Geneva, vita vya uhuru vya Algeria vikaanza. Marcel Bigeard, ofisa wa miavuli aliyerushwa Dien Bien Phu mara mbili na kutekwa huko, mwaka 1957 alikuwa katika vichochoro vya jiji la Algiers akipigana tena, safari hii na watu ambao ndugu zao walikuwa wameishika Gabrielle.